Haki ya Mzabuni Aliyeshindwa

Falsafa ya sheria imebishania kwa muda mrefu kama kanuni hukamilika pale inapotungwa au pale mtu anapoipinga mbele ya mwamuzi. Aristotle, katika mafundisho yake ya maadili, alisema kwamba sheria hunena kwa ujumla ilhali mambo ya watu hutokea mojamoja, hivyo anayeamua hana budi kuziba pengo kama ambavyo mtunga sheria mwenyewe angeliziba angelikuwapo.

Nchini Tanzania sheria ya ununuzi wa umma, yaani matumizi ya fedha za wananchi kupata bidhaa, huduma na majengo, imetungwa upya mwaka 2004, 2011 na 2023, na mzabuni asiyeridhika na jibu la afisa masuuli, ambaye ndiye mtendaji mkuu wa taasisi inayonunua, hukata rufani kwenye Mamlaka ya Rufani ya Zabuni za Umma. Kanuni za 2013 ziliagiza kwamba kabla ya mkataba kusainiwa, walioshindwa waelezwe kusudio la kumpa mshindi tuzo pamoja na sababu za wao kukosa. Je, kumwambia mtu kwamba hakukidhi vigezo, bila kutaja kigezo chenyewe, ni kumpa sababu? Swali la namna hiyo halijibiwi mpaka aliyeshindwa alipeleke kwa mwamuzi, na jibu, ingawa limetolewa katika shauri moja, huwafundisha maafisa ununuzi wengine namna ya kuandika barua zao.

Hapo ndipo penye dosari. Halmashauri ikitangaza zabuni ya zahanati huko Ukata, wilayani Mbinga, na vigezo vikawa vibovu lakini vikawaridhisha wazabuni wote, hakuna rufani itakayokatwa, kwa kuwa haki hiyo ni ya mzabuni, si ya mjamzito atakayejifungulia chini ya paa linalovuja. Kanuni basi hunyooshwa pale zinapomuumiza mfanyabiashara, na kwingine hubaki zilivyo. Sheria ya 2023 ilipunguza muda wa kuamua rufani kutoka siku 45 hadi 40, jambo jema kwa mradi unaosubiri, ila halikumwongezea mwanakijiji sauti. Wapo watakaosema kwamba Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali humsemea. Lakini malalamiko ya mzabuni husimamisha mchakato wa zabuni, ilhali hoja ya mkaguzi mara nyingi hufika mkandarasi akiwa amekwisha kulipwa.