Sala ya Mvua na Ndoo ya Jirani

Ndugu mmoja anayeichunguza dini ya Islam ameniuliza: ikiwa wataalamu wa hali ya hewa wanaijua sababu ya ukame, Waislamu hutoka uwanjani kusali sala ya mvua kwa ajili gani? Swali hili ni la haki, wala halipasi kujibiwa kwa hasira.

Sababu zajulikana kweli. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hata 2022, misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo katika Kenya ya kaskazini, Ethiopia ya kusini na Somalia, wakafa mifugo kwa mamilioni. Maji ya bahari ya Pasifiki yalikuwa yamepoa kupita kawaida, na joto la dunia, lililozidishwa na moshi wa viwanda na magari, likaikausha ardhi upesi zaidi. Oktoba 2022 dhiki ikafika Dar es Salaam: mto Ruvu, utokao milima ya Uluguru na kuulisha mji huo, ulipungua mno, maji yakatolewa kwa mgao. Tena walikuwako walioyachepusha maji ya mto kupeleka mashambani mwao.

Jambo hili la mwisho halikuletwa na bahari wala jua.

Basi sala ya mvua si uganga wa kuyaita mawingu. Mtume Muhammad (s.a.w.) alitoka kwa unyenyekevu, akasali rakaa mbili, akaligeuza joho lake. Wanazuoni husema ni ishara ya kuomba hali igeuke. Nami nauliza: je, hali ya mwombaji mwenyewe haihitaji kugeuka?

Yeye Mtume alitawadha kwa maji yasiyofika lita moja, na kuoga kwa kiasi cha lita tatu. Nilipokuwa mwanafunzi chuoni ng'ambo, mwalimu alitupa kikombe cha kipimo hicho, kila mtu atawadhe. Wengi wetu tulimaliza maji kabla ya kufika miguuni. Tulicheka, lakini tuliona haya, maana kila siku tulikuwa tukiacha bomba wazi huku tukizungumza. Na Mtume alikwisha kataza israfu ya maji hata kwa mtu atawadhaye kando ya mto.

Alikataza pia kumnyima mwenzako maji yaliyokuzidi. Lakini wakati wa mgao mwenye kisima hupandisha bei ya ndoo, kisha Ijumaa husimama safu ya mbele na kuitikia "Amin" kwa sauti kubwa! Huyu anaomba kwa Mungu kile ambacho yeye amemfungia jirani.

Pale Madina palikuwa na kisima kiitwacho Ruma, maji yake yakiuzwa, na maskini wakitaabika. Seyidna Uthman (r.a.) alikinunua kwa mali yake akakitoa kwa watu wote. Hakujiwekea zamu ya kwanza. Ndoo yake iliteremka kisimani sawa na ndoo za wengine.