Kioo Kinapochagua Vidole

Jumanne nilikuwa kwenye foleni ya mashine mpya ya kutolea fedha, katika tawi la benki ambayo sitaitaja. Mbele kabisa alisimama mzee mmoja, fundi mwashi, suruali ingali na vumbi la saruji. Mashine ile haina kitufe hata kimoja. Ni kioo kitupu. Mzee akagusa, kimya. Akafuta kidole kwenye shati, akagusa tena, kimya. Akakandamiza kwa nguvu zake zote. Kioo kikamtangazia kwamba muda wake umekwisha, aanze upya.

Akamgeukia kijana aliyekuwa nyuma yake. “Mwanangu, hebu nibonyezee wewe. Namba ya siri ni…” Akazitaja zote nne, foleni nzima ikisikia.

“Mzee wangu, namba ya siri haitajwi hivyo,” kijana akasema kwa sauti ya chini.

“Sasa nifanyeje, baba, na mashine yenyewe hainitaki?”

Mashine haikuwa mbovu. Kijana alipoigusa, iliitika papo hapo. Vioo vya aina hii havijali nguvu ya kidole. Vinahisi badiliko dogo la chaji ya umeme pale ngozi inapogusa. Ngozi laini yenye unyevu kidogo inatambulika bila shida. Ngozi iliyokaushwa na saruji na kuota sugu, kioo huweza kuiona kana kwamba hakuna mtu. Yaani anayekataliwa ni yule aliyeitafuta fedha hiyo kwa mikono yake. Hilo ndilo limenikaa kooni wiki nzima.

Najua nitakavyojibiwa. “Acha kulialia, mwandishi. Enzi za kompyuta za zamani, mtu alilipa ada akasome kozi, na somo la kwanza lilikuwa kushika kipanya. Leo mtoto asiyejua kusoma anafungua katuni mwenyewe. Sensa ya Agosti 2022 makarani wetu walipita nyumba kwa nyumba na vishikwambi. Hayo yote ni matunda ya kugusa.”

Nayakubali yote. Kioo kimevunja ukuta uliowatisha wengi, na mimi mwenyewe napangusa simu kutwa. Lakini tusisahau historia. Januari 2007 Steve Jobs aliionyesha dunia iPhone, akaikejeli kalamu ya kugusia: kidole kinatosha. Machi mwaka huohuo, hapa jirani Kenya, ikazinduliwa M-Pesa, na yenyewe ilikwenda kwenye simu ya vitufe. Nani alibadilisha zaidi maisha ya mama muuza samaki? Kilichomfaa ni huduma aliyoweza kuitumia kwa simu aliyokuwa nayo, kitochi chenye chaji ya siku kadhaa.

Kitufe kina elimu yake. Pitisha kidole kwenye namba 5 ya kitochi au ya mashine ya zamani ya benki: mara nyingi utakuta kinundu kidogo. Asiyeona akikipata hicho, namba zote zilizobaki anajua zilipo, na siri yake inabaki yake. Herufi F na J za kompyuta zina alama kama hiyo, ndiyo maana mpiga chapa mzoefu anaandika huku akikutazama usoni. Kioo ni tambarare. Kinadai macho kila mara, na asiye na macho kinamlazimu avae vifaa vya kusikilizia, kama mashine inavyo, au amwombe mtu.

Wenye uwezo mkubwa kuliko sisi wameshaonja machungu ya jambo hili. Agosti 2017 meli ya kivita ya Marekani, USS John S. McCain, iligongana na meli ya mafuta karibu na Singapore, mabaharia 10 wakafa. Uchunguzi ulitaja sababu kadhaa, mafunzo hafifu yakiwamo, lakini ulitaja pia usukani na mwendo vilivyoendeshwa kwa vioo vya kugusa, ambavyo mabaharia walichanganyikiwa navyo. Miaka miwili baadaye jeshi hilo likaamua kurudisha vishikio vya mkono. Huko Ulaya nako, taasisi ya Euro NCAP inayopima usalama wa magari imeanza mwaka 2026 kuyabana magari yanayoficha honi, taa za tahadhari na vifuta kioo ndani ya skrini. Hao si watu wa zama za mawe. Wamegundua tu kwamba mkono ulio kazini hauna muda wa kutafuta picha.

Sasa sisi, je, tunanunua nini na kwa ajili ya nani? Labda aliyeagiza mashine ile aliijaribu kwa kidole chake, ofisini, kwenye kiyoyozi, akaridhika. Angemwita fundi mwashi, mvuvi na mtu asiyeona waijaribu kabla ya kutia saini, angejifunza mengi.

Msimamo wangu ni huu: kwenye katuni, picha na soga, kioo kitambe kitakavyo. Lakini panapohusu fedha ya mtu, dawa yake au usukani, vitufe viwepo, na viwe na kinundu. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kumlazimisha mtu mzima atangaze siri yake mbele ya wageni.