Haki ya Kuitikia: Bendi, Uwanja na Hadhira ya Loitokitok

Swali tunalotaka kulichunguza katika makala haya ni la kimaadili kabla ya kuwa la kisanaa. Mwanamuziki apigaye ala zake mahali pa wazi, mbele ya watu ambao hawakukata tiketi wala hawakumwalika, ana wajibu gani kwao? Ukumbini suala hili ni jepesi. Aliyelipa kiingilio amekwisha kukubali kusikia, na akichoshwa mlango uko wazi. Uwanjani mambo ni mengine. Waswahili husema macho hayana pazia; lakini macho angalau yana kope, ilhali sikio halina hata hizo. Muuza nyanya hawezi kuihama meza yake kwa sababu besi imemkera.

Tuuchukue mji wa Loitokitok, kusini mwa Kajiado, chini ya Mlima Kilimanjaro. Mpaka wa Tanzania uko karibu kiasi kwamba mtu hupita Illasit akaingia Tarakea na kurejea siku iyo hiyo. Penye soko, maonyesho au sherehe ya hadhara hukutana Wamaasai wenye mifugo, Wakikuyu na Wakamba walimao au kuchuuza, na Wachaga waliovuka na bidhaa zao. Bendi inayoalikwa hapo kwa kawaida ni ya vijana wachache wenye magitaa, ngoma, jenereta na vipaza sauti vilivyoelekezwa kwa umati. Watapiga benga, watapiga rumba, na penye wageni hawatakosa kupiga "Jambo Bwana", wimbo ambao Them Mushrooms waliutoa mwaka 1982 na ambao ulilelewa na hoteli za kitalii za pwani. Kisha, kwa kuwa wako Umaasaini, watayachukua mahadhi ya morani na kuyatia gitaa. Hapo ndipo wahakiki wanapoanza kunung'unika.

Manung'uniko yenyewe tunayafahamu: kwamba utamaduni unachafuliwa, kwamba wimbo wa jando umeuzwa sokoni. Hatudhani kuwa hoja hii ina uzito mkubwa. X Plastaz wa Arusha waliunganisha uimbaji wa Kimaasai na rap katika albamu yao ya Maasai Hip Hop (2004), na hatujaona kwamba mila imeporomoka kwa sababu yao. Marehemu Mr Ebbo, katika "Mi Mmasai", aliufanyia mzaha hata Uswahili wenyewe. Wengine huligeuza suala hili kuwa la umiliki, na serikali imewasaidia: mwaka 2016 Kenya ilitunga sheria ya kulinda maarifa ya jadi na semi za kitamaduni, na mwaka 2018 UNESCO iliziingiza sherehe tatu za Wamaasai za kupita rika, yaani Enkipaata, Eunoto na Olng'esherr, katika orodha ya urithi unaohitaji kuhifadhiwa kwa dharura. Hatua hizo ni za heri. Hata hivyo, zinauona wimbo kama mali, na mali huwa na mwenyewe na mwizi wake. Liko jambo katika wimbo ambalo haliibiki kwa namna hiyo, wala haliwezi kuandikishwa katika daftari lolote. Jambo hilo ni kiitikio.

Katika uimbaji wa Wamaasai, kiongozi, yaani olaranyani, hutoa mstari, na kundi humjibu. Ala ni nadra. Pembe ya tandala hupulizwa katika sherehe maalumu, lakini kazi yote ya mdundo hufanywa na makoo ya waimbaji. Wakati mmoja anasimulia, wengine wanashikilia sauti ya chini inayojirudia, na wale wanaoruka katikati ya duara hupandishwa na sauti za wenzao. Kila aliyejaribu kuziweka nyimbo za aina hii kwenye karatasi anajua kwamba mistari ya kiongozi huandikika, na kiitikio hubaki silabi chache ambazo msomaji huziruka. Hata mkusanyo wa Naomi Kipury wa mwaka 1983, ambao sisi sote tunaofundisha fasihi simulizi tunauthamini, hauwezi kutupatia zaidi ya hapo. Kosa si la mkusanyaji. Karatasi ndivyo ilivyo.

Sisi tunasema kwamba silabi hizo chache ndizo zenye uzito wa kimaadili. Olaranyani husema "sisi" kwa sababu kundi limeuitikia usemi wake. Akisifu lisilostahili sifa, au akijitwalia ujasiri ambao rika lake halimpi, wenzake wanaweza kunyamaza, na kiongozi asiyeitikiwa hana wimbo. Anabaki mtu apigaye kelele peke yake. Kiitikio, kwa hiyo, si pambo la fani. Ni idhini, na idhini huwa na maana pale tu inapoweza kunyimwa.

Tuirudie bendi yetu. Bendi huja uwanjani na waitikiaji wake. Vijana wawili wamesimama nyuma ya kipaza sauti cha pili, wamekwisha kufanya mazoezi, nao watajibu kila mstari kwa wakati wake, watu wakubali wasikubali. Umati unaweza kucheza, kupiga makofi au kuendelea kununua maharagwe, na wimbo utafika mwisho wake vilevile. Kunyamaza kwa hadhira hakusikiki tena. Ikiwa wimbo ule ni wa mapenzi, hasara si kubwa. Lakini bendi za uwanjani mara nyingi hukodiwa na mwenye haja: mwanasiasa, mfanyabiashara au shirika lenye mradi. Mwimbaji akitamka kwamba "sisi watu wa hapa" tunamshukuru fulani, na vijana wawili wakaitikia, idhini ya uwanja mzima imekwisha kutolewa na watu waliolipwa. Huu tunauona kuwa udhalimu, japo mdogo, na gitaa halina hatia ndani yake.

Wala kipaza sauti hakina hatia. Anayetaka kuilaumu teknolojia aitazame taarabu, ambayo hutumia umeme mwingi kuliko bendi yoyote ya Loitokitok. Kelly Askew, katika Performing the Nation (2002), ameuchunguza kwa makini utaratibu wa kutunza huko Tanga. Mwanamke huinuka na noti yake mkononi, akaenda kwa mwimbaji kwa madaha wakati mstari fulani unapoimbwa, na kila mtu ukumbini anaelewa kwamba mstari huo sasa ni wake, na pengine anaelewa pia umelengwa kwa nani. Hadhira ile imejibu. Hata imeutwaa wimbo kutoka kwa mtunzi. Njia ya kuitikia ikiwapo, sauti kubwa haiwezi kuiziba.

Pingamizi lililo zito zaidi linatoka kwingine, nasi hatuna budi kulikabili. Duara la morani huitikiwa, lakini limefungwa. Mkamba muuza nyanya hana nafasi ndani yake. Mchaga aliyevuka kutoka Tarakea hana. Hata wanawake wa Kimaasai wana nyimbo zao mbali na hizi na hawaingii humo wapendavyo. Bendi, kwa Kiswahili chake na midundo yake iliyokopwa kila mahali, inawapokea wote hao kwa mara moja. Je, si afadhali wimbo usioitikiwa na yeyote lakini unaomkaribisha kila mtu?

Jean-Jacques Rousseau, katika barua yake kwa d'Alembert ya mwaka 1758, aliukataa ukumbi wa tamthilia na kuisifu sherehe ya mahali pa wazi ambamo watazamaji wenyewe ndio watendaji. Ngũgĩ wa Thiong'o na wenzake huko Kamĩrĩĩthũ walilifanya jambo hilo kwa vitendo mwaka 1977: mazoezi yalifanywa hadharani, na wanakijiji wakaurekebisha mchezo uliokuwa ukitayarishwa. Serikali iliupiga marufuku Novemba mwaka uo huo, na mwaka 1982 ikaubomoa ukumbi wao wa wazi, ishara kwamba ilielewa vyema nguvu ya hadhira inayojibu. Lakini Rousseau alikuwa akiifikiria Geneva, na Kamĩrĩĩthũ ilizungumza Kigĩkũyũ. Wote wawili waliikuta jumuiya moja yenye lugha moja. Loitokitok haiko hivyo, na ndiyo sababu mifano hii haitutoshi.

Pengine mfano wa karibu utafaa zaidi. Mwaka 2012, huko Kimana, wazee na morani wa eneo hilo, pamoja na shirika la Big Life, walianzisha Olimpiki ya Wamaasai ili ushindani wa vijana uache kuwa wa kuua simba. Kuruka kulikokuwa sehemu ya ngoma kukawa mchezo wenye kipimo: mrukaji analenga kuigusa kamba kwa kichwa. Mhakiki anayependa usafi wa mila atasikitika. Sisi tunaona kwamba badiliko lile lilipitia kwa wale wenye haki ya kulikataa. Bado kuna la kuulizwa kuhusu nyimbo zinazomsifu muuaji wa simba, ambazo rika la sasa linazijua na halitaki tena kuzitimiza. Nani ataziitikia, na kwa nia gani?

Kwa bendi, tunachokidai ni kidogo na kinatendeka: izime vyombo kwa muda wa ubeti mmoja, vijana wale wawili wanyamaze, uwanja uachiwe mstari. Lugha ya kujibia itakuwa tatizo. Upande wa mifugo huenda ukaja Kimaasai, upande wa mboga Kikamba na Kichaga, na katikati Kiswahili cha kila namna. Kiitikio kitakuwa na kasoro nyingi za mahadhi. Inawezekana pia asiitikie mtu yeyote, na mwenye kuikodi bendi akaketi pale jukwaani akiusikia ukimya huo hadi jenereta litakapowashwa tena.