Simba Alijua Kabla Yangu

Mwezi huu tuzungumze juu ya mbwa. Usicheke. Tumezoea kusikia juu ya nyumba zinazovurugwa na pombe, na fedha, na mashemeji. Lakini amani ya nyumba inaweza pia kuvurugwa na jambo jema kabisa, kama vile matembezi ya asubuhi msituni. Hebu tuchukue mfano wa bwana na bibi wa Nairobi, tuwaite Baba Wanjiru na Mama Wanjiru.

Kila Jumamosi asubuhi Baba Wanjiru humfunga kamba mbwa wao, Simba, wakaenda Msitu wa Karura. Wengi wenu mnaufahamu msitu huo. Una hekta zipatazo 1,000 na uko ndani ya jiji. Ni hapo ambapo mwaka 1999 Profesa Wangari Maathai na wenzake walipigwa walipokuwa wakipinga ardhi yake kugawiwa wajenzi. Siku hizi mtu hulipa kiingilio langoni akatembea kwa amani. Njia zake si za kupanda milima. Zinateremka polepole kati ya miti hadi mtoni, penye mianzi na maporomoko ya maji. Mbwa wanaruhusiwa, mradi wafungwe kamba, maana humo mna kima na paa.

Baba Wanjiru hukaa huko saa mbili au tatu. Akirudi, anaoga, anakunywa chai, anafungua gazeti. Akiulizwa habari, hujibu, "Nzuri tu." Mama Wanjiru hakulalamika. Alijiambia, afadhali msituni kuliko baa.

Jumamosi moja baba alimchukua Wanjiru, mtoto wa miaka minane. Jioni mtoto akamwuliza mamake jikoni, "Mama, baba akifutwa kazi tutahama?" Mama akaacha kukata sukuma wiki. "Nani amekuambia?" "Hakuniambia mimi. Alikuwa akimwambia Simba. Kila mara humwambia Simba."

Usiku ule Mama Wanjiru hakupiga kelele. Alisema neno moja tu: "Kumbe Simba alijua kabla yangu."

Sasa tujiulize, msomaji: je, huyu bwana alimkosea mkewe? Hakuzini. Hakutapanya fedha. Hakusema uongo, maana hakuulizwa juu ya kazi. Yeye mwenyewe hujitetea hivi: "Nilitaka kumkinga mke wangu na wasiwasi mpaka nijue hakika. Na mbwa ni kiumbe cha Mungu, kumpenda si dhambi."

Ni kweli, kumpenda mnyama si dhambi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, inasema hivyo katika namba 2418, na inakataza kuwatesa wanyama bure. Lakini papo hapo inatuonya tusiwape wanyama upendo ule unaowastahili wanadamu peke yao. Basi hoja si kama Baba Wanjiru anampenda Simba kupita kiasi. Hoja ni kama amempa Simba kitu ambacho tayari alikwisha kumpa mtu mwingine siku ya arusi.

Tutazame kwa makini. Kwa nini ni rahisi kumwambia mbwa? Ni kwa sababu mbwa haulizi, "Na karo je?" Halii. Hakumbushi kwamba ulionywa juu ya mkopo ule. Anatikisa mkia, mnaendelea na safari. Hiyo ndiyo raha yake, na ndiyo kasoro yake. Asiyeweza kuuliza hawezi pia kusaidia. Simba hawezi kusema, "Tupunguze matumizi kuanzia mwezi huu," wala, "Usiogope, tulianza na chumba kimoja." Mzigo uliosimuliwa kwa mbwa unabaki begani pa mtu mmoja.

Na ile hoja ya kumkinga? Anayekukinga na habari ya nyumba yako amekufanya mtoto. Mlipoahidiana kuwa pamoja katika taabu na raha, hamkusema, "Katika taabu ambazo nitaona zinakufaa." Mama Wanjiru alinyimwa hofu ambayo ilikuwa haki yake, na pamoja nayo akanyimwa nafasi ya kuwa mke wakati wa shida. Kwa hiyo nasema, ndiyo, alikosewa, ingawa hakuna aliyekusudia ubaya.

Lakini ninyi akina mama msinishangilie upesi. Mama Wanjiru naye ana swali lake: nyumbani kwetu habari mbaya hupokewaje? Pengine mara ya mwisho mume alipoleta habari ya hasara ilipokewa kwa kelele, ikasimuliwa kwa dada zake kabla ya Jumapili. Mtu aliyeungua hutafuta pahali pa baridi. Swali hili halifuti kosa la mume, lakini bila kulijibu mume ataendelea kwenda msituni, au pahali pabaya zaidi.

Wala sisemi kwamba kila ukimya ni wizi. Bwana wetu mwenyewe alikwenda mlimani peke yake kusali. Mume anahitaji saa yake, na mke pia, ambaye mara nyingi hapewi hata nusu saa. Tofauti utaijua wakati wa kurudi. Ukitoka kwenye upweke wako ukiwa tayari kusema na watu wa nyumba yako, ulikwenda kupumzika. Ukirudi ukajificha nyuma ya gazeti, ulikuwa unakimbia.

Mwakumbuka kitabu cha Tobiti? Kijana Tobia alitumwa na babake kipofu kwenda mbali kuchukua fedha zao, na Maandiko yanasema mbwa wake alifuatana naye. Jioni walilala kando ya mto Tigri. Mbwa huyo anatajwa tena wakati wa kurudi, na hakuna neno anapoambiwa. Tobia alipokuwa na swali alimwuliza mwenzake wa safari, aliyekuwa malaika Rafaeli bila yeye kujua. Na usiku wa arusi, huku yeye na Sara wakijua kwamba waume saba wa kwanza wa Sara walikuwa wamekufa, waliinuka wakasali pamoja. Sara hakufichwa hatari. Mbwa alikuwa rafiki wa njiani, na mke alikuwa mke.

Basi wafanye nini Baba na Mama Wanjiru? Wasimfukuze Simba. Waende wote watatu. Watu wawili wakitembea bega kwa bega, kila mmoja akitazama mbele, hawaonani uso kwa uso kama mbele ya hakimu, na ulimi hulegea. Mbwa naye husimama kila kichaka kunusa, kwa hiyo hata maneno mazito hupata pahali pa kupumzika. Mwendo uwe wa yule anayekwenda polepole. Na ikitokea hakuna anayesema mpaka maporomokoni, mvumilie. Pengine hapo ndipo mke atakapouliza kwa sauti ndogo, "Kazi inakwisha lini?" Bwana, jibu swali hilo. Taja tarehe. Taja kiasi cha akiba kilichopo. Bibi, msikilize mpaka mwisho kabla ya kusema lako.

Pengine utasema kutembeza mbwa ni mambo ya matajiri, na mbwa wako ni wa kulinda boma tu. Sawa. Nendeni mtoni kuchota maji, au mzunguke shamba jioni kabla ya kuwasha taa. Mbwa wa boma atawafuata bila kuitwa. Mkumbuke tu kumpa chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka.

Maswali ya kuzungumzia nyumbani:

1. Ni nani, au ni kitu gani, kinachosikia habari zangu kabla ya mwenzangu?

2. Mara ya mwisho mwenzangu aliponiletea habari mbaya, nilimjibu nini? Je, angependa kuniletea nyingine?

3. Kila mmoja wetu ana saa yake ya kuwa peke yake? Kama mmoja anayo na mwingine hana, tutaigawaje juma hili?

Msijibu yote siku moja. Chukueni moja, mfunge mlango, mwende nalo njiani.