Baridi Ama Moto?

Andiko kuu: Ufunuo 3:14-22
Soma pia: Mithali 23:29-35, Luka 16:8, Matendo 2:1-21, Waefeso 5:18



Ukiingia baa yoyote katika nchi hii, kutoka Mombasa mpaka Busia, kabla hujaketi vizuri weita atakuuliza swali moja: "Baridi ama moto?" Naona wengine mnacheka na wengine mmeangalia chini. Msiogope, sitauliza mlijulia wapi. Moto si ya kuchemka, ni ile ambayo haijaingia kwa friji. Kuna wazee ambao bia ya baridi hawaigusi, na kuna vijana wakiletewa ya moto wanairudisha kaunta. Lakini sijasikia mtu hata mmoja akijibu, "Niletee vuguvugu."

Swali hilo Bwana Yesu aliliweka mbele ya kanisa la Laodikia. Watu wa Laodikia walielewa haraka, kwa sababu walikuwa na shida ya maji. Jirani zao wa Hierapoli walikuwa na chemchemi za maji ya moto, watu wakienda kuoga wapate nafuu ya mwili. Jirani zao wa Kolosai walikuwa na maji baridi ya kukata kiu. Laodikia maji yalisafirishwa kwa mabomba ya mawe, na mabaki ya mabomba hayo yako Uturuki hadi leo. Yakifika mjini hayakuwa ya moto ya kumponya mgonjwa, wala baridi ya kumburudisha msafiri. Yalikuwa ya kutema. Bwana akawaambia, ninyi mko hivyo hivyo.

Leo nataka tuwatazame watu wanaopenda bia. Simaanishi yule aliyelala mtaroni. Namaanisha mpenzi wa bia hasa, mwenye bia yake na kiwanda chake. Katika Luka 16:8 Bwana alisema watu wa dunia hii wana busara katika mambo yao kuliko watu wa nuru. Basi wacha watuonyeshe aibu kidogo, halafu tuwaonyeshe njia.

1. ANAJUA ANACHOKIPENDA

Mtu wa Tusker ni wa Tusker. Mpelekee White Cap uone uso wake. Na akianza kusimulia, atakuambia kiwanda kilianza mwaka 1922, hapo Ruaraka, na ndugu wawili, George na Charles Hurst, walikuwa miongoni mwa waanzilishi. Atakuambia George aliuawa na ndovu mwaka 1923 akiwa mawindoni, na ndiyo sababu bia ikaitwa kwa jina la ndovu mwenye pembe kubwa. Ukikaa na mtu wa Guinness, atakupeleka Dublin mwaka 1759, Arthur Guinness akitia sahihi mkataba wa kukodi kiwanda kwa miaka 9,000, pauni 45 kwa mwaka. Anayependa bia za Ujerumani atakutajia sheria ya Bavaria ya mwaka 1516, iliyosema bia itengenezwe kwa maji, shayiri na hopsi tu.

Hakuna aliyewapa mtihani. Mtu akipenda kitu, anakijua.

Sasa wewe mpendwa umeokoka miaka 15. Mwenzako kazini akikuuliza, "Kwa nini unamwamini huyu Yesu?" unajibu, "Si unajua nilizaliwa tu kwa familia ya kanisa." Unajua majina ya wachezaji wote wa Arsenal, wa akiba pia, lakini manabii kumi na wawili wadogo wamekushinda. Mwambie jirani yako: anayependa hujua!

2. YUKO TAYARI KUNGOJA

Huko Ubelgiji, mahali panapoitwa Westvleteren, kuna watawa wa Kikatoliki wanaotengeneza bia katika monasteri yao ya Saint-Sixtus. Wapenzi wa bia wengi wameitaja kuwa mojawapo ya bia bora duniani. Lakini watawa hawakukubali kuongeza kiasi ili waifuate sifa hiyo. Kwa miaka mingi, ukiitaka ilibidi upige simu na kuweka nafasi, utoe nambari ya gari lako, halafu uende langoni siku uliyopewa, uchukue kreti chache walizokuruhusu. Na watu walipiga simu, wakapiga tena, wakaendesha gari wakaenda.

Sisemi mwende Ubelgiji. Nasema mtu amengoja wiki nzima kwa ajili ya chupa, na sisi mvua ya nusu saa Jumapili inatufungia nyumbani. Mkesha ukipita saa nane za usiku tunaangalia saa kama tunadaiwa.

Na kabla hatujatoka Westvleteren, angalia jambo lingine. Wale watawa wanatengeneza bia ili monasteri ijitegemee, basi. Wameiwekea mpaka. Anayeitengeneza amekataa iwe bwana wake. Anayeinywa je?

3. ANASHUHUDIA

Mpenzi wa bia hajapewa trakti wala semina ya uinjilisti. Lakini mgeni akiingia, atasikia, "Kaa hapa. Weita, mletee huyu moja, weka kwangu." Anatoa mfukoni mwake ili mwenzake aonje anachokipenda. Wewe mara ya mwisho kumlipia mtu nauli aje kanisani ilikuwa lini?

LAKINI JE, INAMPENDA?

Sasa tusimwonee wivu. Huyu mtu anapenda kwa bidii kitu ambacho hakiwezi kumpenda. Anakijua kiwanda tangu mwaka kilipoanza, kiwanda hakijui jina la mtoto wake.

Wacha tupige hesabu. Tuseme chupa ni shilingi 250 na mtu anakunywa mbili tu kila jioni. Hiyo ni shilingi 500 kwa siku, shilingi 15,000 kwa mwezi, shilingi 182,500 kwa mwaka. Huyo si mlevi, wala hajaanguka popote. Anaitwa mtu wa kiasi. Na mtoto wake amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo.

Mithali 23 inamchora mtu huyu vizuri: ugomvi, vidonda visivyo na sababu, macho mekundu, na mwisho sumu ya nyoka. Andiko linasema usiitazame inapong'aa kwenye kikombe. Inaanza kwa kutazama tu. Halafu kazi inaisha, mfuko unatoboka, na yule aliyekuwa akichagua baridi ama moto hachagui tena. Anashuka kwa keg, na keg ikipanda bei anashuka kwa mama pima. Mei 2014 makumi ya Wakenya walikufa kwa pombe yenye sumu, Embu na kaunti nyingine. Februari 2024 tukazika wengine Kirinyaga. Wengi wao hawakuzaliwa wakitaka sumu. Walishuka ngazi moja moja.

Nirudi kwa ile chupa ya ndovu. Fikiria: mamilioni ya watu kila jioni wameshika chupa yenye picha ya kilichomuua mmoja wa waanzilishi wake. Mtu asicheke haraka, kwa sababu na sisi tuko hivyo. Alama yetu ni msalaba, na msalaba ndio uliomuua Mwanzilishi wetu. Lakini sikiza tofauti. Yule ndovu alimuua George Hurst, na George Hurst akazikwa. Msalaba ulimuua Yesu Ijumaa, na Jumapili asubuhi kaburi lilikuwa wazi! Haleluya! Bia inaweza kukumbuka kifo. Haiwezi kumfufua mtu.

KWA NINI ANARUDI KULE

Kina mama wengi wameniuliza, "Pastor, kwa nini anarudi kule kila siku?" Mwili ukishazoea pombe unaidai, na huo ni ugonjwa wa kweli, si utovu wa adabu tu. Lakini kuna jambo lingine ambalo kanisa lazima likubali. Kule wanamjua. Weita anajua jina lake, kiti chake, na kama ni baridi ama moto. Asipoonekana siku tatu, mtu anauliza, "Baba fulani yuko wapi?"

Hapa kwetu mtu anaweza kuja Jumapili tatu, akaketi kiti cha nyuma, akatoka, na hakuna aliyemuuliza anaitwa nani. Baa imemshinda kanisa kwa kumsalimia mtu kwa jina. Jambo hilo liniume mimi, na likuume wewe pia.

Ndiyo maana napenda mwisho wa andiko letu. Baada ya kuwakemea watu wa vuguvugu, Bwana hakuwafungia mlango. Wao ndio walikuwa wamemfungia! Katika aya ya 20 yuko nje anabisha. Na akifunguliwa anataka nini? Anataka kuingia ale na mtu huyo. Meza. Yule ndugu amekuwa akitafuta meza ya kujulikana, na Mwenye meza anabisha mlangoni kwake.

Na kiu je? Siku ya Pentekoste, Roho alipowashukia wanafunzi, watu walisema wamelewa. Petro akasimama akawaambia haiwezekani, ni saa tatu tu asubuhi. Sheria yetu ya mwaka 2010 inafungua baa saa kumi na moja jioni siku za kazi, kwa hivyo hapa Kenya Petro angesema, "Ndugu zangu, baa zenyewe bado zimefungwa!" Walikuwa na furaha ambayo haikutoka kwa chupa na haikuwaacha na kichwa kizito kesho yake. Ndiyo maana Waefeso 5:18 inaweka mvinyo na Roho katika aya moja. Mungu hakuambii uache kikombe ubaki mkavu. Anakuambia ujazwe.

USIMKATIE MTU TAMAA

Yule Arthur Guinness wa Dublin alikuwa na mjukuu aliyeitwa Henry Grattan Guinness, aliyezaliwa mwaka 1835. Jina lile lile lililo kwenye chupa nyeusi. Huyo akawa mhubiri wa Injili. Alihubiri Ireland wakati wa uamsho wa mwaka 1859, na mwaka 1873 akaanzisha chuo cha kufundisha wamisionari London. Kutoka hapo watu walipelekwa mpaka Kongo, kwa bara letu hili. Katika ukoo wa kiwanda cha bia Mungu alijitwalia mhubiri. Wewe unasema mume wako hawezi? Unasema kijana wako ameenda kabisa? Mungu hajashindwa na jina la ukoo wowote.

YA KUFANYA WIKI HII

Kwa wewe unayekunywa kwa siri na kutafuna pipi kabla ya ibada: Mungu anajua na bado anabisha. Ongea na mtu mmoja unayemwamini. Na kama unakunywa sana kila siku, usiache ghafla ukiwa peke yako. Mwili uliozoea pombe unaweza kutetemeka, kupata degedege, hata kufa. Nenda hospitali wakusaidie kuacha. Simu ya NACADA ni 1192, haina malipo. Daktari na maombi si maadui.

Kwa mama anayengoja mlango ufunguliwe saa saba usiku: si wewe uliyemnywesha. Omba, lakini usifunike. Na kama unapigwa, toka uende mahali salama kwanza, utaombea kutoka huko. Viongozi wa kanisa mkimwona mama na jeraha, msimwambie avumilie tu.

Kwa kanisa: kila mtu ajifunze majina matatu mapya kabla ya Jumapili ijayo. Vikundi vya nyumbani, chai iwe tayari jioni, saa ile ile baa zinafungua, na mmwalike mtu ambaye hajaokoka. Asihubiriwe usiku wa kwanza. Aulizwe jina, aulizwe habari za watoto, apewe chai. Na mumuulize kama anaipenda ya moto.

Swali linabaki kwako na kwangu. Bwana Yesu amesimama mbele yako leo, na anauliza: baridi ama moto?

OMBI: Bwana Yesu, tumekuwa vuguvugu. Tumejua habari zako bila kukupenda, na tumekaa na watu bila kuwajua. Tunafungua mlango. Ingia ule nasi. Wakumbuke ndugu zetu walio kwenye vifungo vya pombe jioni hii, wataje kwa majina yao, maana wewe unayajua yote. Tujaze Roho wako, tuwe moto wa kuponya na maji baridi kwa wenye kiu. Amina.