Oedipus, Maharimu na Chimbuko la Hukumu ya Kimaadili

Tangu Sigmund Freud aitumie tamthilia ya Sophocles katika kitabu chake kuhusu tafsiri ya ndoto (1900), uhakiki wa kisaikolojia umezoea kumsoma Oedipus kama mtu aliyetenda kile ambacho kila mtoto hukitamani. Kwa mujibu wa usomaji huu, mwiko wa zinaa ya maharimu ni boma lililojengwa kuizuia tamaa, na dhamiri huzaliwa pale mtoto anapoikandamiza tamaa hiyo kwa kumhofu baba. Makala hii inadai kwamba matini yenyewe haikubaliani na usomaji huo. Hata hivyo, haimpi ushindi kamili mpinzani mkuu wa Freud.

Mpinzani huyo ni Edward Westermarck, msomi wa Kifini, aliyependekeza mwaka 1891 kwamba watu waliolelewa pamoja tangu utotoni hukosa ashiki baina yao, na kwamba mwiko umechipuka kutokana na hali hiyo. James Frazer alimjibu mwaka 1910 kwa hoja nzito: haihitajiki sheria ya kumkataza mtu kutia mkono motoni, sheria hukataza yale ambayo watu wana mwelekeo wa kuyatenda. Freud aliipokea hoja hiyo kwa furaha mwaka 1913. Lakini ushahidi uliokuja baadaye ulimwelemea yeye. Huko Taiwan palikuwa na desturi ya kumchukua binti mchanga na kumlea nyumbani kwa mume wake mtarajiwa. Arthur Wolf, aliyezichunguza rekodi za kaya za enzi ya utawala wa Kijapani, alionyesha kwamba ndoa hizo zilizaa watoto wachache na kuvunjika mara nyingi zaidi kuliko ndoa za kawaida.

Tuirejelee sasa tamthilia. Oedipus hakulelewa na Jocasta. Alitupwa akiwa mchanga, akakulia Korintho mikononi mwa Polybus na Merope. Alipoambiwa na kuhani wa Delphi kwamba atamwoa mamaye, alimkimbia Merope, mwanamke asiyekuwa na damu yake. Na hofu hiyo haikumtoka hata habari za kifo cha Polybus zilipowasili. Kwa mwanamke aliyemzaa hakuhisi kizuizi chochote, akazaa naye watoto wanne. Wahakiki wa Kifreud hupenda kuyataja maneno ya Jocasta kuhusu wanaume wanaoota kulala na mama zao, lakini hawaulizi kwa nini Oedipus alimkimbia mama aliyemlea. Kwa jambo hili Sophocles yuko karibu zaidi na Westermarck.

Lakini ni hapo hapo nadharia ya Westermarck inapokwama. Katika kazi yake kuhusu chimbuko la fikra za kimaadili (1906–1908) alishikilia kwamba hukumu za kimaadili hutokana na hisia: kinachotukirihisha huishia kulaaniwa na jamii. Utafiti wa Lieberman, Tooby na Cosmides (2003) unamuunga mkono kwa kiasi, kwani ulionyesha kuwa kadiri mtu alivyoishi kwa muda mrefu na ndugu wa jinsia nyingine utotoni, ndivyo anavyolaani zaidi tendo hilo likifanywa na watu wengine. Oedipus, hata hivyo, hakuwa na karaha yoyote kwa Jocasta mpaka alipojua. Hukumu iliyomfanya ajipofue macho ilitokana na maarifa ya jina la uhusiano wao. Kama maadili yangekuwa hisia tupu, asiyehisi asingekuwa na kosa, na mtoto aliyedhulumiwa na mzazi asiye na karaha asingekuwa na hoja ya kumshitaki. Hapa suala linaacha kuwa la kinadharia.

Mapokeo ya pwani yanalidhihirisha jambo hili kwa njia mbili zinazopingana. Kwa kufuata Sura ya An-Nisaa, aya ya 23, walionyonya ziwa moja ni maharimu, hata kama kila mmoja alikulia nyumba yake na hawakucheza pamoja. Mabinamu, kinyume chake, waweza kukulia ua mmoja na bado wakaoana kwa shangwe; miongoni mwa Waluo ndoa hiyo hiyo ni mwiko. Mpaka hauchorwi na hisia. Sheria ya Makosa ya Kingono ya Kenya (2006) nayo inamhesabu ndugu wa kuasiliwa kuwa ndugu, jambo ambalo Westermarck angelifurahia na mtetezi wa damu angelipinga. Hisia huipa hukumu uzito wake. Lugha ya udugu ndiyo huiambia impate nani.

Pengine ndiyo sababu tamthilia haimalizikii kwenye damu ya macho. Kipofu anaomba aletewe mabinti zake, Antigone na Ismene, awapapase. Anawalilia kwamba hakuna atakayewaoa, na katika kuwaita anajikuta na majina mawili kwa watoto wale wale: binti na dada.