Kusema Kabla ya Hukumu

Wapo wanaosema msanii asimguse polisi mpaka mahakama imalize kazi yake. Hoja hiyo naiheshimu. Askari naye ni mtu, na kumpaka matope asiye na hatia ni dhuluma. Lakini najiuliza, mahakama inapata wapi habari? Kitabu cha matukio kituoni huandikwa na polisi. Polisi akiwa ndiye mtuhumiwa, hiyo ni kesi ya nyani kupelekewa ngedere.

Juni 2016, nchini Kenya, wakili Willie Kimani alitoweka pamoja na dereva wa teksi na mteja wake, mwendesha bodaboda aliyekuwa amelalamika rasmi kwamba askari alimpiga risasi. Wakiwa wamefungiwa katika kambi ya polisi, kipande cha karatasi ya chooni kilirushwa nje, kimeandikwa ombi la msaada. Miili yao ilipatikana mtoni. Kikaratasi kile kiliingia katika ushahidi, na Julai 2022 Mahakama Kuu ikawatia hatiani polisi watatu na mpashaji habari wao. Miaka sita! Laiti watu wangenyamaza wakisubiri hukumu, sidhani kama hukumu ingekuja.

Sanaa hufanya kazi ya kikaratasi kile. Baada ya machafuko ya uchaguzi wa 2007, Tume ya Waki ilihesabu vifo 1,133, na 405 kati yake vilikuwa vya risasi. Ripoti husomwa na wachache. Mpigapicha Boniface Mwangi na wenzake wakapeleka picha za siku zile barabarani, katika maonyesho yaliyoitwa Picha Mtaani, mpita njia akasimama na kutazama. Utasema huko ni kutonesha kidonda. Mimi naona kidonda kilichofunikwa bila kuoshwa huoza.

Sanaa haina pingu wala gereza, kwa hiyo haiwezi kuchukua nafasi ya hakimu. Inachoweza ni kumzuia shahidi asisahau, na mkosaji asidhani kimya chetu ni msamaha.

Ndiyo maana simdai msanii ruhusa, namdai ukweli. Akitaja jina, awe na ushahidi. Anayemzulia askari uongo kwa wimbo hana tofauti na askari anayembambikia kijana kesi ya bangi. Na askari anayeona ameonewa, aende mahakamani kama sisi wengine, rungu aliache kituoni.